Mkeka wa Kivumbasi

Bi Mwatime alijua fika kwamba mkeka wa bi harusi husukwa kwa nakshi ya mawaridi. Yeye akasuka kivumbasi, kichaka kilekile cha mlangoni pake ambacho mtaa mzima ulikibeza, na mtaa mzima ulikuja kukichuma kila homa ilipobisha hodi.

Siku mkeka ulipotandikwa mbele ya wakwe, Bi Zamzam, shangazi wa bwana harusi, alisimama na viatu vyake miguuni.

"Kwetu mwali hukalia mawaridi. Haya magugu ya nini?"

Saumu, bi harusi na binti wa Bi Mwatime, akainamisha kichwa. Neno moja tu la shangazi huyo, na mkeka ungekunjwa, aibu ikambakia yeye.

"Sogea uyaone vizuri, mkwe wangu," alisema Bi Mwatime.

Bi Zamzam akainama. Juu ya jani moja akamwona kiwavi wa kijani. Akamfyatua kwa kidole.

"Toka!"

Kiwavi hakutoka. Bi Zamzam akampiga kofi. Kiwavi katulia tuli, maana naye alikuwa ukili mtupu, kasukwa mumo humo mkekani.

Wanawake wakaangua kicheko hadi makuti ya paa yakapukutika. Bi Mwatime hakucheka. Aliitengeneza kanga yake begani kama malkia anayejifunga joho.

"Huyo simfukuzi," alisema. "Ndiye mwenye nyumba."

Bi Zamzam akavua viatu. Akakaa ukingoni kabisa, miguu kaikunja asije akavunja tawi. Nyuki mmoja akaingia kutoka mlangoni, akazunguka juu ya mkeka, akitafuta pa kutua.