Hesabu ya Speciose

"Wapo humu humu ndani!" katekista Polikarpi alisema, akipiga meza ya kanisa la kigango. "Tumewafundisha siku za kujizuia. Siku chache tu! Wameshindwa. Hata mbuzi ana majira yake."

Watu wakacheka, kisha macho yote yakatua kwenye tumbo la Speciose. Akavuta kitenge. Upande wa wanaume, mumewe Fidele aliinamisha kichwa na kutazama vidole vya miguu yake. Aibu gani hii, jamani! Mtu mzima, mwenyekiti wa jumuiya, anashindanishwa na mbuzi, na mbuzi ndiye anayeshinda.

Wala hawakuwa watu wa mchezo hao. Speciose alipojifungua mtoto wa sita, damu ilimwagika mpaka daktari akamwambia wazi, mimba nyingine itamuua. Miaka hiyo redio ilikuwa haichoki kuhubiri uzazi wa majira, na nesi wa zahanati akamtolea vidonge. Polikarpi akaja mbio kuwakataza. Akawafundisha njia ya kanisa: mama ahesabu tangu anapoziona siku zake, na hesabu ikifika katikati ya mwezi, baba alale kwingine.

Speciose hakujua kuandika, lakini akili alikuwa nayo. Alichukua kikapu kidogo chenye mfuniko, alichopewa na jirani yake Kokuhirwa siku ya ubatizo, akakiweka mezani chini ya picha ya Bikira Maria. Kila asubuhi alitia punje moja. Jioni Fidele alihesabu, na ikifika pale pa hatari, alichukua mkeka akalala sebuleni bila kunung'unika. Siku zake zikija, wanamwaga na kuanza upya.

Polikarpi mwenyewe hakuwaacha hivi hivi. Kwaresima ile alizidisha kupita kuwakumbusha. Speciose akikimbilia jikoni kumenya ndizi, Fidele akiitwa kutoka shambani, Mwalimu, kama walivyomwita katekista, alibaki sebuleni peke yake na Bikira Maria. Walipoingia walimkuta ametulia, anatafuna. Kwao ni Muleba, na watu wa Muleba na kahawa yao ya kutafuna ya mfukoni, nani atawaachisha? Wenyeji wake walikwisha kuzoea.

Na baada ya Pasaka, mimba.

"Mimi sikushindwa," Fidele alisema waliporudi nyumbani kutoka kanisani. "Hesabu ilipofika nililala chini. Unajua."

"Najua, Baba Mbonimpa."

"Basi hiyo ni ya nani?"

Afadhali kicheko cha kanisani! Wiki iliyopita Speciose alinong'onezwa habari za mama mmoja wa Nkwenda mwenye mizizi ya kutoa mimba, akakataa, kwa kuwa alijua wasichana waliozikwa kwa mizizi ile. Kufa akizaa alikwisha kukubali. Lakini afe akiitwa malaya, watoto wake sita wakisikia?

"Ni yako. Nakuapia kwa marehemu mama yangu."

"Usimwapie marehemu. Mwezi ule niliihesabu kwa mkono wangu huu, ikaniambia bado tuko salama. Hesabu haidanganyi. Kesho nakurudisha kwa kaka zako, kijijini Ndama."

Fidele mwenyewe alizitoa nguo za mkewe, akazifunga kwenye shuka, fundo moja, kisha akaketi akalia kama mtu aliyefiwa. Alimpenda, na hilo ndilo lililomtia haya zaidi.

Habari hazilali. Kabla jua halijazama, Polikarpi alikuwa mlangoni.

"Tumsifu Yesu Kristo! Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Milele amina. Karibu, Mwalimu," Fidele alijibu bila kuinua macho.

Safari hii hakuna aliyekwenda jikoni. Hakuna aliyekuwa shambani. Speciose alikaa kwenye mkeka, furushi la nguo mbele yake.

"Mwalimu, kanisani umetutukana, tumenyamaza," Fidele alisema. "Lakini hesabu yetu haikukosea hata siku moja. Mbele ya Bikira huyu nasema, haikukosea. Sasa nimfanye nini mwanamke huyu?"

Polikarpi alivuta kiti, akakaa pale pale pake pa siku zote, kando ya meza. Sauti ya mahubiri ilikuwa imemwisha. Aliona furushi, akaona na machozi, akajuta kidogo kwa yale ya mbuzi.

"Usiharakishe kumhukumu, Baba Mbonimpa. Mke mwenye heshima kama huyu utampata wapi? Mimi napita nyumba nyingi. Ninyi wenye asili ya Rwanda kahawa hamtafuni, lakini hapa mgeni hajawahi kukosa. Nikiwa peke yangu, nikiwa na njaa, mama huyu amekwisha kuniwekea. Namsifu kila mahali."

Akanyoosha mkono chini ya picha ya Bikira Maria bila hata kutazama, kama mtu anayekijua kitu chake, akafunua kikapu.

"Tena leo kimejaa," alisema kwa furaha, akachota punje tatu za kahawa na kuzitupia mdomoni.

Speciose alimtazama mumewe. Fidele alikuwa ameyakodolea macho mataya ya Mwalimu, yakitafuna siku tatu kwa mpigo.