Mzee Aliyeng'oa Miche

Lori lilikuwa limeshatoka geti la kambi ya polisi Nsambya Docus alipolifikia. Alilikimbilia na gambuti zake mkononi, mpaka Santa akamdaka na kumvuta juu.

"Kesho tunakuacha," Santa alimwambia. "Utapanda miti yako nyuma ya vyoo vya kambi."

Vijana wakacheka. Walikuwa kumi na wawili, wote watoto wa askari, wote wamemaliza senior four. Guerschom, msimamizi wa kazi, alikuja kambini mwenyewe kuwachagua. Bukoto, mtaa ulio jirani kabisa na mahali pa kazi, vijana wamejaa, lakini hakuwataka.

"Wa kule wana maneno mengi," alisema. "Nyinyi mnajua amri."

Kazi ilikuwa ya likizo, wiki mbili, kupanda miti katika bustani ya jiji kule bondeni. Walipewa chai, fulana ya kijani, na mwisho wake cheti. Docus alikitaka kile cheti kuliko kitu chochote. Chuo cha misitu kilimwambia wazi kwamba mwenye cheti cha kazi ya mazingira anaingia mwaka huu, asiye nacho abaki. Na yeye hakuwa na mwaka wa kubaki. Baba yake, Sajenti Ochan, alikuwa anastaafu. Chumba cha kambini kingerudi kwa serikali, na familia ingerudi Kitgum.

"Ijumaa ya mwisho wakaguzi watapita mche kwa mche," Guerschom aliwaambia. "Ukikosekana mmoja, hakuna cheti kwa mtu yeyote."

Miche yenyewe ilikuwa vijiti vya urefu wa mkono, vyenye majani marefu kama ya mahindi. Yote aina moja. Guerschom alivuta kamba kutoka mferejini mpaka barabarani, na mche ukitoka nje ya kamba hata kwa kidole, anafoka.

"Afande, msitu unaota kwa foleni?" Santa aliuliza.

"Wewe chomeka."

Siku ya tatu walikuta miche tisa imeng'olewa. Haikukatwa wala kutupwa. Ilikuwa imelazwa njiani, mmoja kando ya mwingine, kama maiti zinazongoja kutambuliwa.

Ng'ambo ya mfereji alikaa mzee mwenye kanzu iliyochakaa, panga limelala magotini. Aliwatazama kutwa nzima.

"Huyo Abudu," Guerschom alisema, sauti chini. "Kichwa chake kimeharibika. Mwaka jana alimkata mtu. Msimsikilize, na msimruhusu awe karibu."

Kesho yake ilikuwa miche kumi na minne. Siku iliyofuata ishirini. Walipanda upya, naye aling'oa upya, na kila asubuhi lori lilipokata kona ya mwisho vijana walinyoosha shingo kuhesabu mapengo.

"Mzee, wacha miti yetu!" Santa alimpigia kelele siku moja. "Umekosa kazi?"

"Waulizeni baba zenu mnapanda nini!"

"Baba zetu polisi, mzee! Tuwalete?"

Jioni ile Docus alimpelekea baba yake jani. Sajenti Ochan alikuwa amelala katika nyumba za serikali miaka thelathini na moja, na hakuwahi kulima hata bustani ya mboga. Aligeuza jani huku na huku.

"Mti ni mti," alisema. "Huyo mzee akikugusa, nipigie."

Jumatano ya wiki ya mwisho, wenzake wakiwa kwenye chai, Docus alibaki kumalizia miche ya upande wa mfereji. Alisikia majani yakikanyagwa nyuma yake. Alipogeuka, Abudu alikuwa amesimama hatua tatu tu, panga linaning'inia mkononi.

"Binti, wewe mtu wa wapi?"

"Kambini."

"Na kabla ya kambi?"

Docus aliinua mabega.

"Basi ndiyo maana," mzee alisema. Akainama, akaushika mche ambao Docus alikuwa ameupanda dakika ile, akaung'oa. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Alikuwa anaufuata mstari bila haraka, na zimebaki siku mbili.

Docus angeweza kumuuliza. Alipiga simu.

Sajenti Ochan alifika na askari wawili. Mzee hakukimbia. Aliweka panga chini mwenyewe, akatoa mikono. Wakati wa kupandishwa gari alimtazama Docus, na usoni mwake hapakuwa na hasira hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha msichana.

"Sasa wamemaliza," Abudu alisema.

Ijumaa wakaguzi walikuja watatu, na chombo cha miguu mitatu. Walichungulia ndani yake kutoka mche hadi mche, wakaandika namba. Hakuna aliyeuliza ni mti gani. Kabla ya saa sita kila mtu alikuwa na cheti chake.

Abudu alifungwa miezi minane kwa kuharibu mali na kutishia watoto kwa panga. Santa alipata kazi katika duka la kuchapisha Wandegeya, yupo mpaka leo. Sajenti Ochan alistaafu, akarudi Kitgum na mke wake. Namba ya Guerschom haikupatikana tena. Nusu ya bustani imezungushiwa ukuta uliofuata mstari wa miche, na ndani yake yanajengwa magorofa.

Docus aliingia chuo mwezi wa nane. Wiki ya kwanza mwalimu aliinua kijiti chenye majani kama ya mahindi, akauliza nani hakijui, na katika darasa zima ulinyooka mkono mmoja tu, wa Docus.

"Oluwaanyi," mwalimu alimwambia. "Huku Buganda hatuupandi kwa kivuli wala kwa mbao, binti. Unauchomeka pale unapotaka watu wajue ardhi yako inaishia wapi."