Sauti ya Bi Nyamvula

Haya nilisimuliwa na Siwema juzi, tukichambua mchele. Zahanati ilipopewa jina la mama yake, Bi Nyamvula, mkunga wa mtaa mzima, ilipewa na sauti yake pia. Ndiyo sheria ya sasa: jengo likianza kusema, mwenye jina hasemi tena. Vigelegele vilipigwa, na mumewe, Mzee Mbwana, alipiga makofi.

Mwezi haujaisha, mzee akajishika tumbo, akaenda zahanati.

“Karibu, mwanangu,” ukuta ukamwambia. “Unaumwa wapi?”

“Mwanangu nani? Mimi mumeo! Niite kama ulivyokuwa ukiniita nyumbani.”

“Pole, mwanangu. Keti, utahudumiwa.”

Wagonjwa wakacheka. “Mzee, leo umekataliwa na ukuta!”

Siku ya kutoa sauti, Bi Nyamvula aliwakumbuka wajawazito, watoto, hata walevi, kila mmoja akamwachia maneno yake. Ila alimsahau mumewe.

Mzee alirudi mnyonge. Mkewe akamsugua mgongo mpaka akalala, kisha akamwinamia sikioni, midomo ikatamka bila sauti: Baba Siwema.

“Naam,” mzee akaitika usingizini.

Bi Nyamvula akajilaza ubavuni pake. Ng'ambo ya barabara sauti yake ilikuwa ikimwambia mtu, “Pole, mwanangu,” na yeye akaisikiliza mpaka usingizi ukamchukua.