Aliyemgonga Wilf Garside

Pigo la kwanza lilimpata Dale Hurrell gotini, na mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Alianguka kando ya gari lake la mizigo, misumari ya kujengea uzio ikamwagika matopeni.

"Mzee Alban! Una wazimu?"

"Sema ulimgonga."

"Nilimgonga nani?"

Alban Tufnell aliinua tena mpini wa sululu. Alikuwa na miaka sitini na minane, na arobaini kati ya hiyo aliimalizia kwenye machimbo ya mawe. Mikono yake haikujua kupiga kidogo. Pigo la pili lilivunja vidole ambavyo Dale alikuwa amejikingia uso.

Wiki sita zilikuwa zimepita tangu Wilf Garside, shemeji yake Alban, aokotwe barabarani mbele ya lango lake mwenyewe, kifua kimepondwa. Muriel, dada yake Alban, aliwaambia askari kwamba alikuwa jikoni, akasikia kishindo, akatoka, akamkuta mumewe amelala kwenye lami. Askari walikuja mara mbili. Wakapima barabara, wakanywa chai, wakaondoka.

Kijiji cha Nether Wenlow hakikuridhika. Beryl Oddie, mwenye duka, alimpa Muriel karatasi na kalamu palepale kaunta.

"Andika tangazo, mama. Mjane asiyemtafuta muuaji wa mumewe, watu watasema nini?"

Muriel akaandika: *Yeyote aliyeona gari lililomgonga Wilf Garside, tafadhali ajitokeze.* Beryl akalibandika mwenyewe kwenye ubao wa nje, kati ya mauzo ya jamu kwa ajili ya paa la kanisa na onyo kwa wenye mbwa wasiookota kinyesi. Kila mvua ilipolifuta, Beryl alimkumbusha mjane aandike jingine. Naye aliandika.

Alban alimwona akinyauka mbele ya macho yake. Hakula. Gari lao alilifungia bandani, akawa anangoja basi la mjini kwenye mvua, ingawa matangazo ya ubao uleule yalisema basi limepunguzwa hadi mara mbili kwa wiki. Alban alipomwapia kwamba atampata mtu huyo hata akijificha tumboni mwa mama yake, Muriel alimshika mkono.

"Kaka, achana nayo. Haki haitamfufua Wilf."

"Haitamfufua. Lakini wewe utalala."

Halafu ikaja asubuhi hii. Alban alikuwa kwenye foleni ya mkate.

"Umeiona taa ya gari la Dale?" Beryl aliuliza, akimkata jicho. "Imevunjika tangu mwezi ule ule. Eti aligonga kulungu."

"Kulungu mwenye suruali," mtu mmoja akasema nyuma, na duka zima likacheka.

Alban hakucheka. Aliuacha mkate kaunta, akaenda nyumbani kuchukua mpini.

Sasa Dale alikuwa anatambaa kuelekea mtaroni, akiburuta mguu. Alikuwa mtu mwenye mdomo na kelele, aliyepita kijijini mbio kama anakimbizwa na moto, na hakuna mama aliyekuwa hajamtukana. Lakini alilia kama mtu yeyote.

"Ni kulungu, Mzee! Wallace wa gereji aliona manyoya! Muulize!"

Pigo la tatu lilimpata mbavuni. Alitapika.

"Sema."

"Nina watoto, Alban."

"Wilf naye alikuwa na mke, dada yangu. Sema!"

Damu ilikuwa imejaa mdomoni mwa Dale. Aliutazama mpini ukipanda juu, kisha akautazama uso wa yule aliyeushika, akaona hapana pa kutokea.

"Ni mimi," akasema. "Basi. Ni mimi. Nilimgonga. Niache."

Pengine Alban angemwacha. Alikuwa ameapa kutafuta ukweli tu. Lakini neno lile lilimwingia kama pombe, na mikono yake ikapiga kichwani kabla hajaiambia. Dale akalala kifudifudi ndani ya mtaro, akawa kimya.

Alban alitembea hadi kwa dada yake, mpini begani. Alimkuta Muriel anamenya viazi.

"Kaondoe tangazo lako," alisema. "Nimempata."

Kisu kikasimama. "Umempata nani?"

"Dale Hurrell. Amekiri kwa mdomo wake."

"Amekiri?" Muriel alimkodolea macho kama mtu asiyejua lugha. "Amekiri nini?"

"Kwamba alimgonga Wilf. Nimesikia kwa masikio yangu."

Ndipo Muriel akauona mkono wa shati la kaka yake, mwekundu hadi kwenye kiwiko.

"Kaka, umemfanya nini yule kijana?"

"Nilichopaswa."

"Yuko hai?"

"Nilipomwacha alikuwa hasogei."

Muriel aliteremka taratibu hadi sakafuni, mgongo ukiparuza kabati, viazi vikibingirika miguuni pake. Alban alipiga magoti akamkumbatia. Alidhani ni mzigo unaomtoka.

"Imekwisha, dada. Lia tu. Imekwisha."

Muriel hakulia. Alimsukuma kidogo, apate kumtazama usoni.

"Siku ile tulikuwa tumechelewa kwaya," alisema. "Wilf alishuka kufungua lango. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani."