Sufuria ya Ndege Namba Kumi na Tisa

Hidaya alikuwa akisugua sufuria mpya ya hitima ya mumewe, rubani Tahiri, ilipoanza kusimulia asili yake, kama sheria inavyotaka kila chombo cha chuma.

"Nilikuwa ndege ya kivita namba kumi na tisa. Nilisanifiwa na mabawa ya kukunjwa ili nienee kwenye meli ya kubeba ndege, na ndoano mkiani ya kunasa waya wa kunisimamisha nikitua. Kwa miaka kumi na minne nilipigana angani, nikashambulia nchi kavu, nikapeleleza."

"Ina maneno kuliko mawifi zangu," alitania mama mkwe wake, Bi Mwanakombo, akipepeta mchele.

"Nilitua melini mara ya mwisho tarehe tisa Machi mwaka huu."

Hidaya aliacha kusugua. Jeshi lilisema namba kumi na tisa ilizama baharini pamoja na Tahiri tarehe mbili ya Machi hiyohiyo, yakaopolewa mabati yake tu.

"Mama, umesikia hiyo tarehe?"

"Vyuma navyo husahau, mwanangu."

"Hakuna hata kimoja kilichowahi kusahau, mama."

Bi Mwanakombo aliweka ungo chini, akaifunika sufuria kwa gunia, na povu lake vilevile. "Iache. Utaimalizia kesho."

Hidaya alinawa mikono taratibu, akijaribu kukumbuka kama, tangu msiba uingie, amewahi kumwona mama huyu akilia.