Jina Moja, Mtu Mmoja

Bonareri Onsongo alikufa mwezi wa Aprili, na mwezi wa Julai akaandikwa kwamba atafanya mtihani.

Josiah aliweka rula chini ya jina hilo akalisoma upya. Namba ile ile, baba yule yule, shule ile ile karibu na Ekerenyo. Ripoti ya Aprili, iliyoandikwa na mwalimu wa darasa, ilimtaja kati ya waliofariki. Orodha ya Julai, iliyoandikwa na mwalimu mkuu, ilimtaja kati ya watahiniwa wa darasa la saba.

Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya katika ofisi ya elimu mjini Kisii, mwaka huo wa 1971. Shule zilileta orodha mara tatu kwa mwaka, na majina yalijirudia. Yeye alipiga mistari kwenye karatasi kubwa, akapata safu nne: watahiniwa, waliohama, walioacha, waliofariki. Kila mtoto alipaswa kuhesabiwa mara moja tu, katika safu moja tu. Alikuwa amemaliza shule zote isipokuwa hii.

"Josiah," mkubwa wake, Bwana Okoth, aliita kutoka mlangoni. "Josiah!"

Akainua kichwa. Ndivyo alivyokuwa, ilibidi aitwe mara mbili.

"Nairobi wanataka hesabu Ijumaa."

"Limebaki jina moja."

"Basi limalize. Kazi hii itakuzeesha." Okoth akacheka. "Ingawa wewe huzeeki. Cheti chako kinasema miaka thelathini na tano, uso wako unakataa."

Josiah hakucheka. Alichukua karatasi nyingine akamwandikia mwalimu mkuu barua ya mistari mitatu.

Alhamisi asubuhi mwalimu mkuu, Mwalimu Nyangau, alifika na msichana. Sare yake ilimpwaya mabegani, na miguu yake ilikuwa imejaa vumbi jekundu mpaka magotini.

"Unaitwa nani?" Josiah alimwuliza.

"Bonareri Onsongo."

"Nyumbani wanakuitaje?"

Msichana alimtazama mwalimu wake, kisha akatazama sakafu.

"Mokeira."

Mwalimu Nyangau alivuta kiti akaketi. Hakuficha kitu. Bonareri na Mokeira walikuwa dada, wakisoma darasa moja. Mkubwa alipougua kifua, Mokeira alibaki nyumbani kumwuguza, na majina ya watahiniwa yakapelekwa Kisii bila lake. Halafu Bonareri akafa. Namba yake ya mtihani ikabaki bila mtu.

"Sijapata kumfundisha mtoto mwerevu kama huyu," alisema. "Wazazi wamekubali. Darasa zima linajua na limenyamaza. Bwana Karani, hapa ataumia nani?"

Josiah alimgeukia msichana.

"Ukiitwa Bonareri, unageuka?"

"Nikikumbuka."

"Na mama yako? Yeye anakuitaje sasa?"

"Aliambiwa aniite Bonareri ili nizoee. Alijaribu siku moja. Sasa haniiti kabisa. Akinitaka anakuja mpaka nilipo."

Huko nje mtu alikuwa akipasua kuni, na Josiah alijikuta akingojea kila pigo. Kisha akafungua kalamu, akaweka rula juu ya jina katika safu ya watahiniwa, akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Katika safu ya waliofariki aliliacha kama lilivyokuwa. Watahiniwa wa shule hiyo wakawa thelathini na mmoja. Waliofariki, mmoja.

"Aje mwaka ujao," alisema. "Kwa jina lake."

"Mwaka ujao baba yake hatamngoja. Kuna watu wameshaanza kufika pale nyumbani kuulizia habari zake. Unanielewa? Akikosa mtihani huu, ataolewa."

"Aje kwa jina lake."

Mwalimu Nyangau alisimama. Hakupaza sauti.

"Wewe ulifanya mtihani wako, ukafaulu, ukapewa meza na kiti. Hujui mtu anavyojiona akifungiwa mlango."

Josiah alitazama mikono yake mwenyewe juu ya karatasi. Ilionekana kama ya mtu mwingine.

Msichana hakulia. Alisema asante, kama walivyofundishwa shuleni kumshukuru mkubwa hata wakipigwa, akamfuata mwalimu wake nje. Siku hiyo hiyo alasiri hesabu ilipelekwa Nairobi. Ilikuwa safi. Okoth alimsifu mbele ya ofisi nzima.

Machi ya mwaka uliofuata, orodha ya shule ile ya Ekerenyo ilipoletwa, Josiah aliiweka juu ya nyingine zote. Aliisoma kutoka juu mpaka chini. Kisha akaisoma tena kwa rula, jina baada ya jina. Kulikuwa na akina Mokeira watatu. Hakuna aliyekuwa wa Onsongo.

Akawahesabu waliokuwapo. Akajaza safu.

Jumapili alienda kwao Nyamache. Alikuwa hajafika tangu mwaka uishe. Mama yake alimpikia ndizi, akakaa kumtazama akila, akamwuliza habari za mjini. Alimwambia kazi ni nzuri. Mama aliitikia kwa kichwa, na wote wawili wakaitazama mvua iliyokuwa ikijikusanya upande wa pili wa bonde.

Aliponyanyuka kuaga, mama alimshika mkono wa koti.

"Ogari mwanangu," alisema, "kabla hujaondoka, zunguka nyuma ya nyumba na panga. Migomba inafunika kaburi la kaka yako Josiah."