Kanga Iliyosubiri Sandukuni

"Bibi, nimeona damu," alisema Riziki mlangoni, mkono juu ya kovu la tumboni.

Bi Mwanakombo alifungua sanduku, akatoa kanga iliyokuwa ingali inanukia udi. Aliinunua miaka saba nyuma, alipoona damu kwenye nguo ya mjukuu wake huyuhuyu, akapiga vigelegele mtaa mzima ukasikia. "Watoto wa siku hizi hukua upesi!" Riziki, wa miaka sita, akacheza naye uani, tumbo limemvimba. Daktari ndiye aliyewazima.

"Huyu hajavunja ungo, bibi. Ana saratani kwenye ovari moja, lazima tuitoe."

Sasa Bi Mwanakombo alimgusa tumbo kwanza. Lilikuwa laini. Kigelegele kikampanda mpaka kooni, kikangoja.